Somo: Kutumiana picha kikundini kwa barua pepe bila kuwalemea wenzako

Picha ya simu ya megapikseli 12 huwa na pikseli 4032 kwa 3024, na faili lake mara nyingi ni la MB 3 hadi 5. Ikitumwa kama ilivyo kwa kikundi cha watu 60, jumla inayoshushwa ni kati ya MB 180 na 300, sehemu yake kwa bando za watu wanaofungua barua wakiwa njiani. Kuipunguza ni kazi ya dakika mbili, na inamhusu mtu mmoja tu: mtumaji. Hatua hizi zinafaa kwa watazama ndege, wakusanya stempu, wafuga nyuki na wengineo.

1. Chagua. Picha tatu au nne zinatosha kwa barua moja. Ukiomba msaada wa kutambua ndege, tuma ya ubavuni, ya mgongoni na moja inayoonyesha mdomo vizuri. Picha kumi za pozi lile lile hazimsaidii mtu.

2. Kata kabla ya kupunguza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ndege akichukua sehemu ndogo ya picha, halafu picha nzima ikapunguzwa, kinachobaki kwake ni pikseli chache, na hata ukimvuta karibu utaona ukungu tu. Kata kwanza kutoka kwenye picha halisi, umwachie nafasi kidogo pande zote. Kipande kikibaki na pikseli 1200 kwa upana, kiache hivyo. Kukikuza hakuongezi chochote ila uzito.

3. Punguza. Upande mrefu uwe pikseli 1600, ubora 80 kati ya 100, muundo JPEG. Pikseli 1600 kwa 1200 zinajaza vizuri skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080. Faili litatoka kati ya KB 300 na 600. Picha ya manyoya au majani mengi hutoka nzito zaidi, kwa kuwa JPEG hubana vizuri maeneo tulivu kama anga na hupata tabu penye vijistari vingi. Picha za skrini na michoro ya mistari zihifadhi kama PNG, maana JPEG huacha madoa pembezoni mwa herufi.

Hifadhi kwa jina jipya. Kila ukihariri JPEG na kuihifadhi upya inapoteza kitu, na ukifuta picha halisi hakuna pa kurudi.

Mwenye picha nyingi kwenye kompyuta atengeneze folda iitwayo `ndogo`, kisha atumie ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za maandishi:

`magick mogrify -path ndogo -auto-orient -resize "1600x1600>" -quality 80 *.jpg`

Alama ya `>` inazuia picha ndogo zisikuzwe. Usiziondoe alama za kunukuu zinazoizunguka, la sivyo kompyuta itaielewa kama amri ya kuandika kwenye faili.

4. Ondoa mahali. Simu nyingi huandika latitudo na longitudo ndani ya faili. Picha ya kiota cha ndege adimu ikienda na nambari hizo, umemwelekeza mwindaji hadi kwenye mti wenyewe. Mkusanya stempu naye anatangaza nyumba ilipo hazina yake. Kwenye simu, angalia chaguo la kuondoa mahali kabla ya kutuma. Kwenye kompyuta, ExifTool, programu ya kusoma na kufuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha, inafanya hivi:

`exiftool -gps:all= ndogo/*.jpg`

Itaacha nakala zenye mwisho wa `_original`. Hizo bado zina mahali, kwa hiyo usiziambatishe.

5. Lipe faili jina. IMG_0043 ipo kwenye simu ya kila mtu. Andika kitu kama `2024-05-12-korongo-ubavuni.jpg`, bila nafasi wazi.

6. Ambatisha, na ueleze kwa maneno. Tumia kiambatisho, usibandike picha katikati ya maandishi. Iliyobandikwa mara nyingi hubebwa tena kila mtu anapojibu, na mazungumzo ya majibu kumi huwa mzigo. Kisha andika picha inaonyesha nini, lini, na unauliza nini. Wanaopokea muhtasari wa siku kwa maandishi matupu, yaani barua zote za siku katika moja, mara nyingi hawaoni viambatisho. Maneno yako ndiyo watakayopata.

Maswali ya wanachama

*Gmail inaruhusu MB 25. Mbona barua yangu ya MB 20 imekataliwa?*
Kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri: kila baiti 3 huwa herufi 4. Pamoja na mikato ya mistari, uzito huongezeka kwa zaidi ya theluthi, hivyo MB 20 zinafika takriban 27. Tena anwani ya kikundi ina kikomo chake. Mailman ya toleo la 2, kwa mfano, ambayo ni programu ya kuendesha vikundi vya barua pepe, huanza na KB 40 tu hadi msimamizi abadilishe, na barua inayozidi inasubiri idhini yake. Muulize msimamizi wenu kabla ya kutuma.

*Ndugu, nikizifunga kwenye zip je?*
Haisaidii. JPEG imeshabanwa, zip haipati cha kupunguza, na mwenye simu analazimika kuifungua kwanza ndipo aone.

*Picha yangu ni wima, lakini wengine wanaiona imelala.*
Simu mara nyingi haigeuzi picha yenyewe; inaandika tu agizo la kuigeuza, na programu nyingine hazilisomi. `-auto-orient` inaigeuza kweli. Kwenye simu, igeuze ndani ya kihariri kisha uhifadhi.

*Nilifuta taarifa zote za faili na rangi zikapauka.*
Umefuta na maelezo ya rangi. iPhone za karibuni hurekodi kwa wigo mpana wa Display P3. Maelezo hayo yakiondoka, kompyuta hudhani ni sRGB, wigo wa kawaida ulio mwembamba zaidi. Futa mahali peke yake.

*Wenzangu hawawezi kufungua HEIC.*
iPhone nyingi hutumia muundo huo tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, chagua ule unaopatana na vifaa vingi. Za zamani zihifadhi upya kama JPEG.

*Naweza kutuma niliyopokea WhatsApp?*
Mwombe mpigaji ruhusa kwanza. Kisha mwombe akutumie kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida WhatsApp huipunguza, na ukiikata baada ya hapo hupati manyoya wala meno ya stempu.

*Tuna picha 80 za matembezi.*
Weka albamu mtandaoni, utume kiungo pamoja na picha mbili za kuonjesha. Kifungue kwanza kwenye dirisha la faragha. Kikidai uingie kwa akaunti, hujakifungulia kikundi. Na bado andika mlichoona, kwa kuwa siku albamu ikifutwa, barua itabaki na maneno hayo tu.