Wikendi za Lushoto mkiwa huko kikazi

Mkihamishiwa Lushoto miezi michache na mwenzi wako, anzeni na Irente, sehemu ya kutazamia mandhari kwenye ukingo wa Milima ya Usambara. Ni kama kilomita 6 kutoka mjini, saa moja na nusu kwa miguu. Ukingo wake unaelekea magharibi, hivyo wengi hungoja machweo. Bebeni tochi, maana baada ya saa kumi na mbili na nusu giza huingia haraka.

Mtae, kijiji cha mlimani kaskazini mwa Lushoto, msiifanye safari ya siku moja kwa basi: mabasi mengi hupanda mchana na kushuka alfajiri. Laleni huko, inastahili kabisa. Machi hadi Mei udongo mwekundu huteleza na pikipiki huanguka, hivyo tembeeni kwa miguu. Juni hadi Agosti, sweta ni lazima.