Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo Mombasa: anza na monita

Wengi hukimbilia kadi ya michoro, kisha monita hutafutwa kwa chenji iliyobaki. Geuza mpango huo. Monita ndiyo inayoamua kadi itabeba mzigo gani: skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta milioni 2 na kidogo, ile ya 2560 kwa 1440 karibu milioni 3.7, na kila nukta lazima ichorwe upya makumi ya mara kwa sekunde. Mfuko ukiwa mwembamba, chukua inchi 24 ya 1080, paneli ya IPS (aina inayoonyesha rangi vizuri hata ukiitazama kwa pembeni), 100Hz hadi 144Hz (mara inazojichora upya kwa sekunde), yenye FreeSync, yaani inayolinganisha kasi ya skrini na ya kadi.

Ukiipata ya mtumba Moi Avenue au Digo Road, iwashwe mbele yako. Weka picha nyeusi tupu, halafu nyeupe tupu, utafute nukta zilizokufa na pembe zinazovuja mwanga. Kisha igeuze uchungulie skrubu na matundu ya nyuma. Ukiona kutu au unga wa kijani, hiyo imeshakaa kwenye upepo wa chumvi. Iache, hata kama inawaka vizuri.

Monita hiyo ya 1080 inatoshwa na kadi ya RX 6600 ya GB 8, pamoja na prosesa ya Ryzen 5 5600 kwenye ubaomama (motherboard) wa B450 au B550. B450 ya zamani haitaitambua prosesa hiyo mpaka BIOS (programu ya kuwashia ubaomama) isasishwe, kwa hiyo muuzaji aithibitishe kabla hujalipa. Ramu iwe vipande viwili vya GB 8, na ubaomama ukiwa na matundu manne, tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kipande kimoja cha 16 hupunguza kasi ya gemu. Kwa kuhifadhia gemu na mafaili, SSD ya NVMe ya GB 500 yatosha kuanzia.

Pawa saplai ndiyo inayotuchomea mashine. Usisome "500W" iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta mstari wa 12V kwenye kibandiko, uzidishe ampea kwa 12. Ampea 38 ni wati 456, hiyo ni ya kweli. Ampea 20 ni wati 240 tu, na stima ikiyumba itakufa pamoja na vifaa vingine vya kompyuta. Chukua ya 80 Plus Bronze (alama ya kutopoteza umeme mwingi) ya wati 500 au 550, na ukiweza UPS, betri ya akiba stima ikikatika, yenye AVR ya kutuliza umeme unaoyumba.

Usipotaka kuunganisha mwenyewe, kompyuta za ofisini za Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazoletwa kutoka Uingereza ni za bei rahisi, lakini chagua yenye prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu, kwa sababu Windows 11 haizikubali rasmi za chini yake na msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Zile kesi nyembamba hupokea tu kadi ya kimo kifupi (low profile) isiyohitaji waya wake wa umeme, kama GTX 1650 ya aina hiyo.

Kesi iwe na wavu mbele, feni mbili za kuvuta hewa na moja ya kuitoa nyuma. Msimu wa kaskazi chumba chenyewe kinapita digrii 30, na kesi ya kioo mbele huipika kadi. Ukiishi karibu na bahari, pangusa vichujio vya vumbi kila wiki mbili.

Siku ya kuunganisha, waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, si kwenye ubaomama: 5600 haina michoro yake, skrini itabaki nyeusi. Tumia DisplayPort. Kisha ingia mipangilio ya skrini ya Windows uchague mwenyewe Hz ya juu kabisa ya monita yako, kwani mara nyingi huanza kwa 60.