Kabla hujanunua ploti Nakuru, mjue kwanza mpangaji wako

Ninasimamia nyumba za kupangisha hapa Nakuru. Mtu akinijia na akiba yake akitaka kujenga, huanza na ploti: iko wapi, bei gani, barabara imefika? Mimi humuuliza nani atakayeishi humo. Wengi wanaonipigia simu kutafuta nyumba ni waliozaliwa kati ya 1981 na 1996, na jengo lisilowafaa hukaa na vyumba vitupu hata likipakwa rangi kila mwaka.

Hatua ya 1: Chagua mpangaji, halafu mtaa

Kijana mwenye kazi hapa mjini mara nyingi ana ploti kwao, au anajenga polepole kwa mkopo wa sacco. Mjini anataka pa kupanga tu. Ndiyo maana bedsita (chumba kimoja cha kulala na kupikia) safi na nyumba ya chumba kimoja cha kulala huwahi kupata mtu kuliko nyumba kubwa ya vyumba vitatu. Aliye na watoto huvutwa na utulivu na ua wa Kiamunyi au Naka. Asiye nao hupenda kuwa karibu na mji, upande wa Section 58 au Milimani. Wanafunzi wa Egerton kule Njoro ni soko jingine kabisa, kwa sababu wakifunga chuo vyumba navyo hubaki vitupu. Usiwachanganye katika hesabu moja.

Hatua ya 2: Maliza suala la maji kabla ya kuchora ramani

Hapa ndipo wengi hupoteza wapangaji. Maji ya mfereji yana ratiba, kwa hiyo weka tangi la chini na la juu, yote makubwa. Ukichimba kisima, peleka sampuli maabara ipimwe floridi. Maji ya ardhini ya Bonde la Ufa huwa na floridi nyingi, nayo ndiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na, ikizidi kwa miaka, kuumiza mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, maji hayo yabaki ya kufulia na kuogea, na ya kunywa uyawekee chujio la makaa ya mifupa ya wanyama, ambalo limetumika Nakuru kwa miaka mingi. Waambie wapangaji matokeo. Mzazi kijana atakuuliza, na ana haki ya kujua.

Hatua ya 3: Ingia nyumbani kwa macho ya mpangaji

Mwangalie binti wa miaka thelathini na kitu anapokuja kuona nyumba. Anafungua bomba la jikoni, kisha anaingia chumbani akiwa ameinua simu atazame mtandao. Halafu anatafuta soketi mahali atakapoweka meza ya kufanyia kazi. Sebule hupita akiitupia jicho tu. Kwa hiyo pitisha mabomba ya waya za faiba ukutani kabla ya plasta, mpe kila mpangaji mita yake ya umeme ya tokeni, na uache nafasi ya mashine ya kufulia yenye maji na mahali pa kumwaga. Taa za nje na geti linalofungwa usiku si anasa. Wasichana wanaoishi peke yao huuliza hilo mapema sana.

Hatua ya 4: Kagua hati

Fanya utafutaji rasmi wa hati ya ardhi, lete msoroveya (mpima ardhi) aonyeshe mawe ya mipaka, na hakikisha ploti haiko kwenye njia ya maji ya mvua.

Hatua ya 5: Piga hesabu kwa kodi unayopokea mkononi

Chukulia nyumba nane za shilingi 14,000 kwa mwezi kila moja. Kwa mwaka ni 1,344,000. Toa mwezi mmoja mtupu kwa kila nyumba, zinabaki 1,232,000. Tangu Januari 2024, ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kutoa gharama, kwa anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hapo zinatoka 92,400. Keateka (mtunza jengo) na marekebisho, tuseme 244,000. Umebaki na 895,600. Ikiwa ploti na ujenzi vilikula milioni 11, faida ni kama asilimia 8 kwa mwaka. Ilinganishe na hati fungani za serikali (pesa unazoikopesha serikali kwa riba), na riba ya mkopo wako, kabla hujaweka sahihi. Ushuru wenyewe hulipwa kwa mamlaka ya ushuru, KRA, kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.