Kuchagua Kalibu ya Sabuni ya Kutengeneza Nyumbani

Kalibu ya sabuni huchaguliwa kabla ya mafuta kupimwa, kwa kuwa ukubwa wake ndio unaoamua yatumike mafuta gramu ngapi, na kitu kilichotumika kuiunda ndicho kinachoamua kama sabuni itatoka nzima au itabanduliwa kwa kisu. Jambo la kwanza kuangaliwa si umbo wala urembo, bali ni kama kalibu hiyo inastahimili kaustiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Uji wa sabuni unapomiminwa bado ni mkali, na ukali huo hauishi mara moja. Kwa sababu hiyo chombo cha alumini kisitumike hata kidogo: kaustiki soda hukitafuna na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huwaka kwa urahisi, na sabuni yenyewe huharibika. Mabati yaliyopakwa zinki nayo yamo katika kundi hilohilo. Chuma cha pua hakidhuriki, lakini hakipindiki, na sabuni iliyogandia humo huwa kaidi kutoka. Kioo kina kasoro hiyohiyo, tena kinaweza kupasukia mikononi mwa anayekigonga.

Vinavyobaki ni silikoni, mbao na plastiki, na kila kimoja kina tabia yake.

Silikoni haihitaji kutandikwa karatasi, na sabuni hutoka kwa kusukumwa kwa kidole gumba kutoka chini. Hata hivyo, haipitishi hewa, kwa hiyo sabuni hubaki na unyevu kwa muda mrefu zaidi. Mara nyingi huhitaji siku mbili au tatu, na anayeharakisha huacha pembe za sabuni zimenasa ndani. Kalibu ndefu ya silikoni hutanuka pande zote mbili inapojazwa, hivyo inafaa ikae ndani ya sanduku la mbao linaloibana. Zile zenye vishimo vidogo vya maua au kopa hupoteza joto upesi, na bila joto la kutosha sabuni hukawia kukomaa na rangi yake huweza kutoka na mabaka. Zifunikwe kwa taulo nene.

Mbao hutunza joto vizuri kuliko vyote, na kwa anayeanza ningependekeza sanduku moja la mbao lenye ubavu unaofunguka, kabla ya kitu kingine chochote. Lazima litandikwe karatasi ya kuokea, na hapo ndipo kazi ilipo. Kunjo la karatasi lililoachwa kwenye kona huchora mstari kwenye sabuni, na tundu dogo kama la pini hupitisha uji hadi kwenye mbao. Kunja karatasi kwanza juu ya sanduku likiwa limegeuzwa chini juu, bana mikunjo kwa ukucha, kisha ndipo uishushe ndani.

Kwa plastiki, tafuta alama ya pembetatu yenye namba 5 au 2. Plastiki nyembamba hupinda kwa joto. Boksi la maziwa pia hufaa, mradi ndani yake pasiwe na ngozi ya rangi ya fedha, ambayo ni alumini. Niliwahi kulijaza moja bila kuliegemeza kwa nje, na asubuhi nikakuta mche wa sabuni wenye kitambi.

Ukubwa hupatikana kwa hesabu fupi. Pima kwa ndani urefu, upana na kimo ambacho sabuni itafikia, vyote kwa sentimita, uvizidishe, kisha uzidishe jibu kwa 0.7, utapata takriban gramu za mafuta zinazotosha. Sanduku la sentimita 25 kwa 8, likijazwa hadi kimo cha 7, lina sentimita za ujazo 1,400, yaani mafuta ya gramu 980 hivi, na mche wake hukatwa vipande 10 vya unene wa sentimita mbili na nusu.

Aina ya sabuni nayo ina neno lake. Sabuni inayopikwa motoni huwa nzito kama ugali, haiingii kwenye nakshi ndogo, kwa hiyo ipewe kalibu pana yenye kuta zilizonyooka. Sabuni yenye chumvi nyingi huwa ngumu ndani ya saa chache na hupasuka inapokatwa. Hiyo imiminwe kwenye vishimo vya kipande kimoja kimoja. Kalibu iliyokwisha kutumiwa kwa sabuni isirudishwe kwenye chakula, kwani silikoni hasa hushika harufu.

Kabla ya kutoa sabuni, vaa glavu na ubonyeze pembeni kwa kidole: ikiacha alama, iache hadi kesho. Ikiwa imekauka juu lakini bado imenata kwenye kuta, iweke kalibu nzima kwenye friza kwa saa chache, kisha uvute kuta taratibu kabla ya kusukuma kutoka chini.