Namna ya kudai haki za kazi katika Falme za Kiarabu bila kuiharibu viza yako

Mfanyakazi mgeni aliyeko Dubai, Sharjah au Abu Dhabi kwa kawaida huishi nchini kwa sababu ana kazi: ukaazi wake umefungamana na kibali cha kazi, na kibali hicho kimefungamana na mwajiri aliyekiomba. Ndiyo maana ugomvi wa mshahara, ambao nyumbani ungeishia kwa mtu kuacha kazi na kutafuta nyingine, kule hugeuka haraka kuwa tatizo la viza. Sheria ya kazi ya nchi hiyo, Amri ya Shirikisho Namba 33 ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, inampa mfanyakazi wa sekta binafsi haki nyingi kuliko wengi wanavyodhani, ila inamtaka azidai kwa utaratibu. Msingi wa utaratibu huo ni kwamba malalamiko hutangulia, kuondoka kazini hufuata.

Kabla ya kusafiri

Wengi wanaotoka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam huingia kwa viza ya matembezi, baada ya wakala kuwaahidi kwamba karatasi zitabadilishwa huko huko. Kubadilisha hadhi ukiwa ndani ya nchi kunawezekana, mradi mwajiri apatikane na kibali kitoke. Kosa ni kuanza kazi kabla ya kibali, hata kama mwajiri ataziita siku hizo za majaribio. Tangu marekebisho ya mwaka 2024, mwajiri anayemtumikisha mtu asiye na kibali anaweza kutozwa faini ya dirhamu 100,000 hadi milioni moja. Faini hiyo, hata hivyo, haiingii mfukoni mwa mfanyakazi, ambaye atabaki bila mkataba uliosajiliwa na huenda viza yake imekwisha muda, huku kila siku ya ziada ikihesabiwa dirhamu 50.

Dai kwanza barua ya ofa iliyotolewa kupitia Wizara ya Rasilimali Watu, ambayo wafanyakazi huijua kwa kifupi cha MOHRE, na uihakiki kwa namba yake katika tovuti ya wizara. Mkataba utakaosaini baadaye haupaswi kukupa pungufu ya kilichomo katika barua hiyo. Usitosheke na jumla ya mshahara, kwa kuwa mstari wenye uzito ni ule wa mshahara wa msingi, na hapa ndipo watu hupunjwa bila kujua. Kiinua mgongo hupigwa kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, kwa aliyetimiza angalau mwaka mmoja kazini. Mtu aliyeahidiwa dirhamu 1,500, ambazo 900 ndizo za msingi na 600 ni posho, baada ya miaka mitatu atapata dirhamu 1,890. Kama zote 1,500 zingekuwa za msingi, angepata 3,150.

Sheria pia inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo makato ya "pesa za viza" katika mshahara ni jambo la kulalamikiwa. Kuhusu mawakala wa nyumbani, leseni zao huulizwa katika vyombo vya serikali vinavyosimamia ajira: NEA kwa Kenya, TaESA kwa Tanzania Bara, na kwa Uganda katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

Ukiwa kazini

Saa za kawaida ni nane kwa siku au 48 kwa wiki. Saa ya ziada hulipwa kwa nyongeza ya asilimia 25 ya mshahara wa msingi, na nyongeza hiyo hupanda hadi asilimia 50 kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, isipokuwa kwa wanaofanya kazi za zamu. Wanaofanya kazi juani hupumzishwa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, kati ya tarehe 15 Juni na 15 Septemba. Pasipoti ni yako. Mwajiri haruhusiwi kuizuia.

Haki hizi huwa na nguvu pale tu zinapothibitika. Piga picha za mkataba, ukurasa wa viza, kitambulisho cha Emirates, ratiba za zamu na ujumbe wa msimamizi, kisha uzitume kwa ndugu aliyeko nyumbani, kwa sababu simu ya kampuni hurudishwa kampuni na simu yako inaweza kupotea siku ile ile unapoihitaji. Taarifa za benki ni bora kuliko ahadi yoyote ya mdomo, na mwajiri anayekuomba urudishe taslimu sehemu ya mshahara uliopita benki anaujua umuhimu huo vizuri.

Mshahara usipolipwa

Kosa linalowagharimu wengi ni kususa na kuhamia kwa rafiki. Mtu akikosekana kazini zaidi ya siku saba mfululizo bila sababu halali, mwajiri anaweza kumwachisha kazi bila notisi, na akiripotiwa kuwa ametoroka anaweza kunyimwa kibali kipya kwa mwaka mmoja. Ukweli kwamba alikuwa anadai mishahara ya miezi mitatu hautaonekana popote kama hakuwahi kuusema mahali panapotambulika.

Kwa hiyo endelea kuripoti kazini, au uwe na maandishi yanayoonyesha kuwa umezuiwa kuingia, na uwasilishe malalamiko wizarani kwa programu ya simu, kwenye tovuti au kwa kupiga 80084. Ukitaka kuacha kazi kwa sababu mwajiri amevunja wajibu wake, sheria inakuruhusu kuondoka bila notisi na bila kupoteza stahili zako, mradi uiarifu wizara siku 14 za kazi kabla ya kuondoka na mwajiri awe hajarekebisha kosa. Kipigo na unyanyasaji havisubiri siku hizo: unaondoka, unaita polisi kwa 999, kisha unaiarifu wizara ndani ya siku tano za kazi tangu ulipoweza kufanya hivyo.

Wizara hujaribu kwanza kupatanisha. Madai yasiyozidi dirhamu 50,000 inaweza kuyaamua yenyewe, na makubwa zaidi hupelekwa mahakamani, ambako madai yasiyozidi dirhamu 100,000 hayatozwi ada. Dai linaweza kufunguliwa hadi miaka miwili baada ya ajira kwisha, lakini kulisukuma ukiwa umesharudi Mombasa au Mwanza ni kazi ngumu. Ubalozi hauwezi kutoa hukumu. Unaweza kukusaidia kupata hati ya kusafiria na kufuatilia jambo lako. Kenya na Tanzania zina ubalozi Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai.

Wafanyakazi wa majumbani wana sheria yao, Amri Namba 9 ya mwaka 2022: mapumziko ya saa 12 kwa siku, nane kati yake zikiwa mfululizo, siku moja ya kupumzika kila wiki na likizo ya siku 30 kwa mwaka. Malalamiko yao pia huanzia wizarani. Ugumu wao uko mahali pengine, kwani aliyefungiwa ndani bila simu hana pa kuanzia, na kwa hiyo ndugu nyumbani wawe na jina kamili la mwajiri, anwani ya nyumba na nakala ya mkataba kabla ya safari.

Kibali kinapofutwa

Stahili zote zinapaswa kulipwa ndani ya siku 14 tangu mkataba kwisha. Fomu ya kufuta kibali huwa na maneno kwamba mfanyakazi amepokea haki zake zote, na baadhi ya waajiri huitoa isainiwe kabla hata ya hesabu kufanywa. Usiisaini mpaka fedha zionekane benki. Ukilazimishwa, lalamika wizarani siku hiyo hiyo. Baada ya kufutwa, ulizia tarehe ya mwisho ya kukaa nchini inayohusu aina ya ukaazi wako, kwa kuwa muda huo haulingani kwa watu wote, na faini huanza kuhesabiwa siku inayofuata.