Namna ya kuandika maoni yenye manufaa kuhusu The Medium, filamu ya pepo kutoka Thailand

Anza kwa kuhakikisha msomaji anajua unazungumzia filamu ipi. The Medium ya mwaka 2021, ambayo Wathai wanaiita Rang Song, ina jina moja na mchezo wa kompyuta wa kutisha uliotoka mwaka huohuo, na anayetafuta kwa jina la Kiingereza peke yake hukuta maoni ya wachezaji na ya watazamaji yamechanganyika. Mstari wako wa kwanza ubebe jina, mwaka na mwongozaji: Banjong Pisanthanakun. Ukitaka kuilinganisha na Shutter, aliyoiongoza pamoja na Parkpoom Wongpoom, taja kwamba unasema ile ya 2004. Wamarekani waliitengeneza upya mwaka 2008, na lawama za hiyo ya pili huishia kubandikwa ya kwanza.

Halafu sema uliitazama vipi. Watu wengi huruka hapa, kumbe nusu ya ubishi wote unaanzia hapa. Filamu inakwenda takriban dakika 130, na kwa muda mrefu kinachotisha ni ukimya: upepo, wadudu, mtu anapumua chumba cha pili. Aliyeiona ikiwa imetafsiriwa kwa sauti ya DJ, kama zinavyoonyeshwa kwenye vibanda umiza, amesikia hadithi yote lakini ukimya huo hakuupata, maana DJ hawezi kunyamaza dakika tatu. Hakuna ubaya, ila msomaji ajue. Vilevile matukio mengi ya sehemu ya mwisho yamepigwa kwa kamera za usiku. Kwenye simu, mchana, dirishani, utaona kivuli tu. Zima taa, ongeza mwanga wa kioo, vaa hedifoni. Kama hukuweza, usiikate filamu alama kwa kuwa na giza.

Weka karatasi kando. Jambo likikugusa, andika dakika na neno moja tu, usiisimamishe filamu. Kusimamisha kila mara kunaua hofu, na mtu anayeiua hofu mwenyewe hana haki ya kuandika kwamba haitishi. Vidokezo kumi hivi vinatosha. Usiandike maoni usiku huohuo. Lala kwanza, kwa sababu robo ya mwisho ya filamu ina makelele kiasi cha kufunika yote yaliyotangulia, na maoni ya saa sita usiku huwa ni ya robo hiyo peke yake.

Sasa kwenye malalamiko mawili ambayo watazamaji huyatoa kuhusu filamu hii. La kwanza ni kwamba inachelewa. Hadithi imewekwa Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, na imepigwa kana kwamba ni filamu ya hali halisi: watengenezaji wanamfuata Nim, mwanamke ambaye ni kiti cha Bayan, yaani anapandwa naye; Bayan ni mungu anayerithiwa na wanawake wa ukoo wake. Dada yake Noi ndiye aliyepaswa kumpokea, akakataa na kuingia Ukristo. Kisha binti wa Noi, Mink, anaanza kubadilika. Mpaka hapo hakuna anayeruka kutoka kabatini. Wapo waliochoka, wapo walioona hapo ndipo filamu ilipo bora, na wote wawili wana haki. Ila “inaboa” haimsaidii mtu. Andika hivi: “Kwa muda mrefu mwanzoni ni mahojiano, mazishi na ugomvi wa kifamilia, nilianza kuogopa Mink alipoanza kubadilika tabia kazini.” Anayependa ugomvi wa kifamilia ataitafuta filamu kwa sababu ya sentensi ileile iliyomfukuza mwenzake.

La pili lina uzito zaidi: wapiga picha. Kwa nini mtu anaumizwa mbele yao nao wanaendelea kupiga picha? Hili utalikuta karibu kila mahali filamu hii inapojadiliwa, na jibu la mkato, “ni sinema tu”, ni uvivu. Ligawe. Yapo matukio ambayo kuendelea kupiga kunaeleweka, kwa mfano kamera zilizofungwa nyumbani zinazorekodi usiku bila mtu kuzishika. Yapo mengine, hasa wakati wa tambiko la mwisho, ambapo mwenye akili angetupa kamera akakimbia. Ukitaja ni lipi kati ya hayo lililokutoa kwenye hadithi, umeandika hoja. Sisi tunaona filamu inalipa gharama hapa: ilichagua umbo la hali halisi kwa ajili ya kuaminika, kisha mwishoni ikataka vurugu ambazo umbo hilo haliwezi kuzibeba. Wanaotetea wanasema wapiga picha hao nao wana hatia, na filamu inajua hivyo. Taja upande wako na tukio moja la kuushikilia.

Kwenye imani ndipo maoni ya watu wetu yanapoweza kuwa bora kuliko ya wengine, au mabaya zaidi. Anayejua mambo ya kupandisha pepo, kupunga na kurithishana kiti atayashika mahusiano ya Nim na ukoo wake upesi, bila kuelezwa. Hatari ni kumgeuza Bayan kuwa jini wa pwani na kuanza kuisahihisha filamu: “Mganga wa kweli hafanyi vile.” Kwa Wathai, phi ni jina pana: mizimu ya wafu, walinzi wa mahali, vitu viovu vya porini, na wanaheshimiwa sambamba na dini ya Buddha bila watu kuona mgongano. Pima tambiko kwa kanuni ambazo filamu yenyewe imeziweka. Imesema Bayan ni mwema na anawarithi wanawake. Basi swali halali ni je, ikaishikilia kanuni hiyo, au ikaivunja kwa makusudi?

Kuna vitu vidogo vinavyompita mgeni. Katika filamu lipo gari lenye stika iliyoandikwa kwamba gari hili ni jekundu, na gari si jekundu. Baadhi ya watazamaji walidhani ni utani au kosa la tafsiri. Ni desturi halisi ya Thailand: mwenye gari akiambiwa rangi yake haina bahati kwake, hubandika maandishi ya rangi inayomfaa badala ya kupaka upya. Katika hadithi inayohusu kuwahadaa mizimu, stika hiyo si pambo. Ukiona kitu usichokielewa kimepewa nafasi kwenye picha, kitafute kabla ya kukiita kosa.

Ucheshi nao usiuhesabu kuwa udhaifu bila kufikiri. Mwongozaji huyuhuyu ndiye aliyetengeneza Pee Mak ya 2013, iliyoichukua hadithi ya Mae Nak, mke aliyekufa akijifungua na kumsubiri mumewe akiwa mzimu, na kuifanya vichekesho. Hadithi hiyohiyo Nonzee Nimibutr aliifanya kwa huzuni mwaka 1999 katika Nang Nak. Sinema ya Thailand inazoea kuchanganya kicheko na mzimu. The Medium ina kicheko kidogo kuliko nyingi.

Kuhusu kumwaga siri: gawanya maoni yako sehemu mbili, na uandike waziwazi mahali pa kugawanyika. Juu, usiseme ni nani aliyemwingia Mink, nani anakufa, wala Nim anasema nini kwenye mahojiano ya mwisho. Chini, yaseme yote, hasa hayo mahojiano, kwa maana yanabadilisha namna ya kuisoma filamu nzima: Nim anakiri kwamba hana uhakika kama kweli Bayan yumo ndani yake. Maoni yasiyoyagusa ni maoni ya mtu aliyezima mapema.

Maonyo, kinyume chake, yakae juu kabisa, kwa maneno makavu: kuna ukatili kwa mbwa, mtoto mchanga hatarini, ngono, kujiua na damu nyingi. Tukio la mbwa limewafanya baadhi ya watazamaji waizime filamu, kwa hiyo usiliache kwa hofu ya kumwaga siri. Huhitaji kueleza linatokeaje.

Ukitoa alama, toa mbili: moja ya sehemu ya familia, nyingine ya kuanzia kamera za usiku hadi mwisho. Nane na tano zinamwambia msomaji mengi kuliko sita na nusu. Maneno 300 hadi 400 yanatosha kwa yote haya. Ukiitazama tena ukabadili mawazo, usifute ya kwanza: ongeza chini, na tarehe yake.