SOMO: Kuchora jengo au mnara wa taifa likiwa roboti kubwa, hatua kwa hatua

Wakuu, salaam.

Tangu niweke hapa mchoro wa KICC, lile jengo la mikutano la Nairobi, ikiwa imesimama kwa miguu miwili, kila wiki napata ujumbe uleule: unaanzia wapi, miguu unaitoa wapi, mbona wa kwangu unaonekana kama ghorofa lililovalishwa mikono. Nimejibu mpaka nimechoka. Naandika mara moja, likae hapa, na atakayeuliza nitamleta huku. Tafadhali soma lote kabla ya kuuliza, hasa hatua ya 4.

Vifaa: penseli HB na 4B, kifutio, rula, karatasi ya A3, boksi gumu (la viatu linatosha), selotepu, wembe. Kompyuta si lazima.

Hatua ya 1. Chagua jengo moja tu.

Hatua ya 2. Tafuta picha zake za mbele, ubavuni, nyuma na juu. Ya juu utaipata kwenye ramani za setilaiti.

Hatua ya 3. Andika vipimo vya kweli pembeni ya karatasi. KICC ina mita 105 na ghorofa 28, kwa hiyo ghorofa moja ni kama mita 3.75. Kiganja cha mtu, toka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, ni kama sehemu ya kumi ya kimo chake. Maana yake kiganja cha roboti huyu ni mita 10 na kitu, karibu ghorofa tatu. Ukishalijua hilo, huwezi tena kumchorea mkono wa kubahatisha.

Hatua ya 4. Tafuta viungo. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na ndipo nilipoharibu mimi.

Mchoro wangu wa kwanza wa KICC nilichora mnara mzima, nikaupachika mikono minene ubavuni na miguu chini. Ulipendeza kwa mbali. Nikauchapisha mkubwa, nikaupeleka kwenye maonyesho madogo ya mtaani. Mtoto wa kama miaka tisa akasimama mbele yake, akautazama kwa muda, akaniuliza: "Akitaka kurudi kuwa jengo, mikono anaiweka wapi?" Nilikosa la kumjibu. Mnara ulikuwa umejaa, hapakuwa na nafasi ya kuficha hata kidole. Nilikuwa nimechora jengo na vitu vilivyogandishwa juu yake. Jioni ile nilikaa sakafuni na boksi la viatu, na tangu siku hiyo sichori roboti yeyote kabla ya kumkata kwenye boksi.

Fanya hivi. Tengeneza boksi refu la sentimita 28, yaani sentimita moja kwa kila ghorofa. Mnara wa KICC una pande nyingi, lakini kwa jaribio hili boksi la mraba linatosha. Piga mistari ya ghorofa zote kwa penseli, kisha amua: ghorofa ya 1 hadi ya 12 ni miguu, unaipasua katikati kwenda juu. Ya 13 hadi ya 24 ni kiwiliwili, na mikono unaibandua ubavuni mwake kama unavyobandua ubao wa mlango, bawaba ikiwa juu, kwenye bega. Zinazobaki, pamoja na ile sehemu ya juu iliyopanuka, ni kichwa. Kanuni ni moja: kata, usiongeze. Kila alichonacho roboti kiwe kimetoka ndani ya boksi, na akijikunja boksi lirudi kama lilivyokuwa, bila tundu wala nundu.

Tahadhari:
– Selotepu ya bawaba ibandike upande wa nje wa mkunjo. Ukiibandika ndani, mkono utafunguka nusu tu, nawe utadhani hesabu yako ndiyo mbovu.
– Usikate pembe ambako pande mbili za boksi zinakutana. Pembe ndiyo uti wa mgongo, ukiikata kiwiliwili chote kinalegea.
– Kunja na kukunjua mara tatu kabla ya kushika penseli. Mara ya kwanza karatasi inakuvumilia, ya tatu ndiyo inasema kweli.
– Wembe upeleke mbali na vidole, na watoto wasikate peke yao.

Sasa, mstari wa kukatia unaujuaje? Liulize jengo lenyewe liliungwa wapi. Sanamu ya Uhuru ya New York ilivuka bahari mwaka 1885 ikiwa vipande 350 ndani ya makasha 214. Kabla ya hapo, mkono wenye mwenge ulikuwa umeonyeshwa peke yake Philadelphia mwaka 1876, na kichwa peke yake Paris mwaka 1878. Bega na shingo vilikuwa viungo kweli kabla hujafika wewe na penseli yako. Mnara wa Eiffel una vipande 18,038 vilivyofungwa kwa ribiti milioni mbili na nusu, na wakati wa ujenzi miguu yake minne ilirekebishwa kwa jeki za maji na masanduku ya mchanga mpaka ikalingana pale juu kwenye jukwaa la kwanza. Mnara ule umewahi kusogeza miguu! Nikiuchora, nyonga nazianzia kwenye jukwaa hilohilo. Mtazamaji huenda asiijue historia hiyo, lakini jicho lake linaona kwamba mkato umekaa mahali pake.

Na ile koni ya KICC, ukumbi uliosimama pembeni ya mnara? Wengi mnailazimisha iwe kichwa. Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, waliosanifu jengo lile, waliitenga na mnara, basi nasi tuiache imetengwa. Kwangu ni ngao. Roboti anainama, anaiokota, anaivaa mkono wa kushoto.

Hatua ya 5. Uzito. Mtu wa mita 1.75 ukimkuza mara 60 unapata mita 105, kimo cha KICC. Lakini nyayo zake zimekua mara 60 kwa 60, yaani 3,600, na uzito umekua mara 60 kwa 60 kwa 60, yaani 216,000. Kila sentimita ya mraba ya wayo inabeba mzigo mara 60 ya unaobeba wewe umesimama hapo. Ndiyo maana roboti mkubwa mwenye vifundo vyembamba anaonekana wa plastiki hata kama hujui kwa nini. Mpe miguu ya tembo. Magoti yakae chini kidogo kuliko ya mtu, na lami chini yake ionyeshe ufa.

Hatua ya 6. Pozi: aanze kuinuka au aanze kupiga hatua. Usimrushe hewani.

Hatua ya 7. Rangi ni ya jengo, si ya gari jipya. KICC ina rangi ya udongo wa kuchoma, muache nayo.

Hatua ya 8. Chora kitu kidogo karibu na wayo: mtu, matatu, kibanda cha matunda. Bila hicho, mita 105 hazionekani.

Maswali karibuni.

———

Penseli Mbili: Mkuu, unatumia programu gani?

Mleta somo: Penseli na boksi. Imeandikwa kwenye vifaa.

Jicho la Tatu: Somo refu sana. Naomba mtu afupishe.

Mleta somo: Kata, usiongeze. Ukitaka kujua maana yake, rudi hatua ya 4.

Dogo wa Sayansi: Kaka, nichoree Mlima Kilimanjaro ukiwa roboti, niweke kwenye simu.

Mleta somo: Sichori kwa maombi hapa. Na mlima haukujengwa na mtu, hauna kiungo. Kama unataka kitu cha Tanzania, chukua Mnara wa Mwenge pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ukate mwenyewe kwenye boksi, kisha uweke picha hapa nikusaidie.

Kasi Kasi: Siku hizi kuna akili mnemba, unaandika sentensi moja na roboti ametoka. Hii ya kukata maboksi ni kujitesa.

Mleta somo: Nimeziona hizo picha. Iambie hiyo akili mnemba imkunje roboti wake arudi kuwa jengo, halafu tuhesabu madirisha. Mimi simzuii mtu kutumia anachotaka. Nimeandika kwa wanaotaka kujua mkono unatoka wapi.

Kijana wa Kilindini: Shikamoo mwalimu. Niko Mombasa, nataka kuchora Fort Jesus. Nimehangaika wiki nzima, ngome haina ghorofa wala mnara, imelala tu chini. Nimkate wapi?

Mleta somo: Marahaba mdogo wangu. Umechagua jengo zuri kuliko yote ya pwani kwa kazi hii, na huna haja ya kukata. Chukua picha ya setilaiti, igeuze mpaka upande wa bahari uwe juu, uitazame taratibu. Utaona mtu amelala chali. Ile sehemu inayotokeza baharini ni kichwa, buruji mbili za upande huo, yaani zile kona nene za ukuta zinazotokeza, ni mikono, mbili za upande wa nchi kavu ni miguu. Haikutokea kwa bahati. Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyewachorea Wareno, aliisanifu kwa fikra za zama zake kwamba uwiano kamili unapatikana katika mwili wa binadamu, na ngome ikajengwa kati ya 1593 na 1596. Hiyo ni moja ya sababu UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2011.

Kwa hiyo kazi yako ni kumwinua. Ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, basi akiinuka mgongo ubanduke na mwamba wake, na mchanga na maji vimwagike. Ule uwanja wa katikati uwe kifua kilicho wazi. Usiuzibe, ndio utakaomtofautisha na roboti wengine wote. Buruji ni nzito, kwa hiyo asisimame wima mara moja, mchore akiwa ameegemea kiwiko kimoja. Ukimaliza skechi niletee, nitaitazama.

Kijana wa Kilindini: Nimeigeuza ramani sasa hivi. Wallahi nimekaa Mombasa maisha yangu yote na sijawahi kumwona. Shukrani sana.

Mama Chaki: Habari za kazi ndugu. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, nataka kulitumia somo hili. Swali langu: Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, na Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) kule Unguja, tunaweza kuyachora? Naona kama yana watu ndani yake.

Mleta somo: Nzuri mwalimu, na hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Yanachorwa, lakini ujue kwanza umeshika nini.

Sanamu ya Askari ilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya James Alexander Stevenson, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kabla yake, wakati wa Wajerumani, mjini humo palikuwa na sanamu ya gavana wao Wissmann, Waingereza wakaing'oa. Watoto wako watataka kumwongezea mizinga. Wapeleke Kariakoo kwanza kwa mawazo: jina lile limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, waliobeba mizigo kwa vichwa na mabega na kufa kwa wingi kwa maradhi na njaa. Mimi nilimchora akiwa amepiga goti, bunduki ameiweka chini, anaupokea mzigo kwa mpagazi mdogo aliyesimama chini yake. Mchoro ule ndio ninaoupenda kuliko yangu yote.

Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 enzi za Sayyid Barghash. Mwaka 1896 Waingereza waliipiga mizinga Unguja kwa muda wa kama dakika 38, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo ilianguka na watu wakapoteza maisha. Nisingemchora akipigana wala akianguka. Zile nguzo zake za chuma zilizopangwa mbele kila ghorofa ni mikono tayari, mingi kuliko ya roboti yeyote. Waambie watoto wamchore akitumia nguzo zake kujishikilia na kuyashikilia mapaa ya majirani. Waulize pia ni jengo gani la kwao wangependa lisimame na lifanye nini. Kwa darasa, maboksi ya dawa ya meno yanafaa, ila wembe ushike wewe.

Mama Chaki: Ahsante sana. Wembe nitaushika mimi.

Fundi Rangi: Nyongeza kwa wanaochora majengo ya mawe ya pwani. Msichore kila tundu la jiwe kwa penseli. Kata kipande cha sifongo cha kuoshea vyombo, chovya kidogo sana kwenye rangi ya maji, gonga kwanza kwenye karatasi chakavu, ndipo uguse mchoro. Inatoka sura ya tumbawe na chokaa iliyobanduka.

Mleta somo: Hii ni mpya kwangu. Rangi gani unachanganya?

Fundi Rangi: Kahawia na tone la bluu, maji mengi. Ikikauka, pitisha sifongo safi yenye nyeupe.

Penseli Mbili: Mkuu samahani kwa lile swali la mwanzo, nimesoma lote. Nimekata boksi, mikono imekunja vizuri. Tatizo miguu: nikiipeleka mbele inagonga kiwiliwili na kukwama hapo kwenye ghorofa ya 12.

Mleta somo: Usijali. Kukwama hapo ni kwa sababu ya mahali pa bawaba. Mguu ukizunguka, pembe yake ya juu inahitaji nafasi ya kupita. Kata mshazari, nyuma juu na mbele chini, kama unavyokata kona ya fremu ya picha, anzia ghorofa ya 13 nyuma uje kutokea ya 11 mbele. Bawaba ihamie mbele. Jaribu, ukunje mara tatu.

Penseli Mbili: Amekaa kitako! Naweka picha usiku umeme ukirudi.